Midoli ya watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili: mengi yanatengenezeka hapa hapa Dar (uzi mrefu)

Fundi_Gerezani (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni fundi wa redio na simu, kijiwe changu kipo pande za Gerezani. Kila ikikaribia Idi au Krismasi napata swali lile lile: "Fundi, mwanangu ana mtindio wa ubongo, nimnunulie nini?" Mzazi ameshazunguka Kariakoo nzima. Ameona magari yanayopiga honi, mbwa wanaobweka, vinanda vya kila rangi. Lakini kila anachokishika kina kitufe kidogo kama punje ya mchele, na mtoto wake hawezi kukibonyeza. Anakinunua hivyo hivyo. Wakifika nyumbani kaka mtu ndiye anayebonyeza, mwenyewe anatazama. Wiki ikiisha, gari limeshakuwa la kaka mtu.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Mdoli wa mtoto huyu usiupime kwa bei wala kwa wingi wa taa. Jiulize jambo moja: je, yeye mwenyewe anaweza kuuanzisha? Mtoto asiye na ulemavu anajifunza mapema sana kwamba akigonga kijiko mezani kitalia na mama atageuka. Anarudia hadi mnachoka. Mtoto ambaye mikono haimtii hapati nafasi hiyo. Analishwa, anageuzwa, anavalishwa, hata michezo anachezewa. Akifika miaka sita watu wanasema haelewi kitu, na kumbe hajawahi kupewa hata kitu kimoja cha kuamrisha.

Nitaingia kwenye ufundi kidogo, najua humu kuna mafundi wenzangu na vijana wa chuo cha teknolojia, DIT.

Vifaa vya namna hii karibu dunia nzima vinatumia pini ya aina moja, ya milimita 3.5, ile ile ya hedifoni za zamani. Mdoli unawekewa tundu, swichi inawekewa pini. Swichi moja inaendesha midoli yote ya nyumbani, na mdoli mmoja unaweza kuendeshwa kwa mkono, goti au kichwa. Hata ikitokea siku ndugu akakuletea swichi kutoka Ulaya, itaingia kwenye mdoli uliorekebishwa Gerezani.

Njia ni mbili. Ya kwanza haihitaji hata kufungua mdoli. Chukua visahani viwili vyembamba vya shaba, katikati weka plastiki ili visigusane, kila kisahani kichomelee waya wake kwa risasi, kisha chomeka kati ya betri na kile kibati cha mguso. Umeme umekatika hapo, na unaunganika pale tu mtoto anapobonyeza swichi iliyo mwisho wa waya. Inafaa kwa mdoli ambao ukiuwasha unaanza kazi papo hapo. Kuupima ni rahisi: uwashe, chomoa betri moja, irudishe. Ukianza kucheza wenyewe, unafaa. Ukikaa kimya ukisubiri uminywe tumbo au mkono, huo unataka njia ya pili: kuufungua, kukitafuta kitufe cha ndani na kuchomelea waya mbili kwenye miguu yake. Kitufe cha asili kinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo ndugu zake wanacheza naye kwa zamu bila kumnyang'anya.

Swichi za nje moja tu inauzwa makumi ya dola. Mimi natumia vile vitufe vikubwa vya mviringo vya mashine za bonanza. Vimetengenezwa vipigwe ngumi mchana kutwa, springi yake ni laini, na vipuri vinapatikana Kariakoo. Usitumie swichi ya taa ya ukutani, maana ukiibonyeza inabaki imewaka. Mtoto anayeanza anatakiwa aone kwamba akiachia, kinazima. Hapo ndipo anagundua kuwa ni yeye.

Sharti langu: betri tu. Mdoli wowote unaochomekwa kwenye umeme wa ukutani siugusi.

Karibuni, hasa wazazi na wataalamu.

---

Mama Salha wa Mbagala

Fundi, Mungu akubariki. Wangu ana miaka mitano, mtindio wa ubongo. Shingo bado haijakaza, mikono amekunja ngumi muda wote. Kuna ndugu alituletea swichi ya hivyo kutoka nje, ipo kabatini. Tukimwekea mbele anashtuka, mwili mzima unakakamaa, mkono unakwenda kwingine kabisa. Tukaona labda hii ni ya watoto wenye nafuu, wa kwetu hajafika huko. Naomba ushauri, nisiitupe.

---

TibaKazi_Dar

Mama Salha, pole na hongera kwa malezi. Usiitupe. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani namsaidia mtu afanye mwenyewe shughuli zake za kila siku, na kwa maelezo yako naanza na kiti kabla ya swichi. Mtoto wako anapoonyeshwa mdoli, amekaa wapi? Kwenye mapaja yako? Amelala chali kwenye mkeka?

Mtoto ambaye mwili wake haujashikiliwa vizuri anamaliza nguvu zote kujizuia asianguke, na mkono haubakiziwi kitu. Makalio yaende nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti yakunjike nyuzi 90 hivi, nyayo zikanyage kitu kigumu. Miguu isining'inie. Mbele yake meza ya kimo cha viwiko. Kama shingo haijakaza, egemeo la nyuma lilale kidogo na kichwa kipate mto wa pembeni kulia na kushoto. Mikanda ya nyonga muhimu, ya kifuani kwa uangalifu, na haipaswi kupanda kooni.

Kiti hicho si lazima kitoke nje. Vipande vya sponji vinavyobaki kwa mafundi sofa wa Keko vinatosha kujaza mapengo. Kuna pia ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na gundi ya uji wa ngano, aliouendeleza Bevill Packer kule Zimbabwe: tabaka kwa tabaka, zinakandamizwa, zinaanikwa, mwishowe kinakuwa kigumu cha kukaliwa. Kwa Dar adui ni unyevu wa masika, kwa hiyo kipakwe vanishi na kisiachwe kwenye sakafu yenye maji.

La pili, kilio chako cha "mkono unakwenda kwingine" nakifahamu. Wapo watoto ambao wakigeuza uso kulia, mkono wa kulia unanyooka wenyewe na wa kushoto unajikunja. Ni mwitikio wa uchanga ambao kwa kawaida hufifia katika miezi sita hivi ya mwanzo, kwa baadhi ya watoto wenye mtindio unabaki. Hafanyi kusudi na wala si ukaidi. Ukimwekea mdoli pembeni unauamsha. Weka mdoli katikati, usawa wa pua na kitovu, na uso wake uelekee mbele.

La tatu, macho. Baadhi ya watoto hawa jicho lenyewe ni zima lakini ubongo unachelewa kuisoma picha. Mdoli wa rangi kumi juu ya kitenge cha maua hawauoni vizuri. Tandika kitambaa cheusi kisicho na urembo, weka kitu kimoja cha rangi moja kali, nyekundu au njano, kisogeze kidogo. Zima redio. Kisha subiri. Hesabu moyoni hadi kumi, hata ishirini, bila kusema "bonyeza, bonyeza". Ukisema, unamwanzishia upya kila anapokaribia kuupata mwendo.

Na jamani, msimshike kiganja mkambonyezea. Shikilia kiwiko kiwe na egemeo, kazi ya mwisho aifanye mwenyewe.

Kuhusu kushtuka: mdoli unaobweka ghafla si wa kuanzia. Anza na kinachopepea polepole au muziki wa chini. Na nenda naye kliniki ya mazoezi ya viungo, iwe Muhimbili, CCBRT au hospitali ya wilaya iliyo karibu, wamuone mwili mzima. Kiti cha kukisia kinaweza kupindisha uti wa mgongo.

---

Fundi_Gerezani

Asante mtaalamu, hayo ndiyo niliyoyataka. Mimi naongeza la kwangu: ngumi iliyokunjwa siyo kikwazo. Swichi haihitaji kidole. Nimeshafunga swichi pembeni mwa goti, nimefunga nyingine kwenye egemeo la kichwa upande wa shavu. Tazama ni sehemu gani ya mwili anaisogeza kwa hiari yake na kuirudisha bila shida, hata kama ni kidogo. Hapo ndipo pa swichi. Mama Salha, njoo nayo hiyo ya kabatini, tutaifungia sponji juu ipokee ngumi.

---

Mjomba_Tandika

Mkuu naheshimu kazi yako, lakini si kishikwambi kimoja tu kingemaliza yote haya? Kina picha, kina sauti, kina michezo. Mpwa wangu ana ulemavu wa akili, akipewa simu anatulia saa nzima.

---

Mwalimu_Elimu_Maalumu

Mjomba, hilo neno "anatulia" ndilo linalonisumbua. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi hapa Dar, na naletewa watoto waliotulizwa kwa simu tangu wana miaka miwili. Wanajua kufungua video kumi, hawajui kumvuta mtu mkono kumwomba maji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Watoto wetu wanahitaji watu kuliko wengine.

Sisemi kishikwambi ni kibaya. Kina kazi mbili tofauti kabisa na wazazi wanazichanganya. Kikiwa cha kuangalia katuni, ni burudani, na burudani ina kipimo. Kikiwa ni sauti ya mtoto asiyeongea, hicho hakizimwi wala hakinyang'anywi kama adhabu, kwa sababu utakuwa umemziba mdomo. Kama kinapatikana kimoja tu nyumbani, simu za Android zina sehemu kwenye mipangilio ya kuifunga skrini ibaki kwenye programu moja. Itumieni wakati wa mawasiliano, asiweze kutoroka kwenda kwenye video.

Ila mimi nawashauri muanze na karatasi. Haishiwi chaji, haiibiwi kwenye daladala, ikidondoka haipasuki. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost walianzisha mfumo wa kubadilishana picha katika jimbo la Delaware, Marekani, kwa ajili ya watoto wenye usonji. Angalieni walivyoanza: mtoto hafundishwi kutaja majina ya picha. Anachukua picha ya kitu anachokitaka kwa dhati, anaiweka kwenye mkono wa mtu, anapewa hicho kitu pale pale. Picha inakwenda kwa binadamu mwenzake. Hilo ndilo mawasiliano, na ndilo simu ya katuni isilolifundisha.

Picha zenyewe pigeni kwa simu: kikombe chake yeye, sufuria ya kwenu, choo chenu, bibi yake. Pelekeni steshenari zikachapishwe na kupigwa laminesheni, nyuma mbandike vile vitepe vya kunata vya kwenye mabegi. Kwa maneno yasiyopigika picha, ARASAAC ya serikali ya Aragón, Hispania, wana maelfu ya michoro ya bure kwenye intaneti kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Na tafadhali, msijaze ubao kwa vyakula. Nimepokea mtoto mwenye ubao mzuri sana: wali, ugali, chipsi, soda, ndizi. Basi. Alikuwa hana pa kuonyesha kwamba tumbo linamuuma. Maneno ya kwanza yawe na "zaidi", "basi", "sitaki", "nisaidie", "inauma", "tucheze". "Sitaki" wazazi wengi hawalipendi kwenye ubao. Mimi naliweka juu kabisa, kwa sababu mtoto asiye na namna ya kukataa atakataa kwa kung'ata.

---

Kigamboni Ferry

Mwalimu, bibi yao nyumbani anasema mtoto akizoea kuonyesha picha atavivia kuongea moja kwa moja. Na kusema kweli hata mimi hofu hiyo ninayo. Ana miaka minne, anasema "mama" na "twende" tu.

---

Mwalimu_Elimu_Maalumu

Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba hofu hiyo imeshachunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa ishara, picha au vifaa vya kuongea. Katika zile zilizofanywa kwa umakini zaidi walipata watu 27. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi. Asilimia 89 waliongezeka, ingawa wengi kwa kiasi kidogo, hilo nalo niliseme wazi ili mtu asitegemee miujiza.

Mtoto anapoona picha imeleta kitu, presha inapungua, na wewe unapoitaja kila anapokupa, neno analisikia wakati ule ule analolihitaji. "Mama" na "twende" aendelee nayo. Picha inamuongezea yale mengine.

---

Fundi_Gerezani

Kwa ambao mtoto hawezi kushika picha kabisa: ipo chipu ya kurekodi sauti inaitwa ISD1820, inashika sekunde kumi hivi, na betri ikitolewa sauti haifutiki. Naiweka ndani ya kiboksi cha plastiki na kile kitufe kikubwa juu. Anabonyeza, kinasema. Rekodini sauti ya mtoto mwenzake wa rika na jinsia ile ile, ndugu yake au jirani, siyo sauti nzito ya baba. Na mkibadilishe ujumbe kila siku. Asubuhi "Shikamoo mwalimu", jioni "Leo nimecheza mpira". Kuna mmoja tulimrekodia "Nani kajamba?" na darasa zima likawa linamfuata yeye mapumziko. Walimu wengine hawakupenda. Mimi nilifurahi, maana kabla ya hapo walikuwa wanamzunguka kama benchi.

---

Baba wa Kimara

Naomba niongelee usonji kidogo, kwa sababu swichi na viti kwetu haikuwa shida. Mwanangu anakimbia, anapanda, mikono mizima. Tatizo ni kelele na kubadilishiwa mambo.

Kwanza masikio. Mwendokasi ya asubuhi kutoka Kimara, mlango unapolia na watu wamejazana, alikuwa anajipiga kichwa. Tukamnunulia vile vifuniko vya masikio vya mafundi wa ujenzi, maduka ya vifaa vya ujenzi vipo, bei yake haifikii hata robo ya hivi vinavyotangazwa mtandaoni kuwa ni "vya usonji". Tunavitumia safarini, sokoni na kwenye harusi tu. Nyumbani tunavua, tulishauriwa asivizoee kutwa nzima.

Pili, ratiba ya picha ukutani: kuamka, choo, uji, sare, shule. Kila kimoja kikiisha anakitoa na kukidumbukiza kwenye kopo. Siku ya sikukuu, shule ikifungwa, tunaweka picha usiku uliotangulia. Hili kopo limetupunguzia vilio kuliko mdoli wowote tuliowahi kumnunulia.

Tatu, na hili nalisema kwa wababa wenzangu. Mtoto akigeuza gari juu chini na kuzungusha matairi saa nzima, tunamnyang'anya na kumwonyesha "gari linachezwa hivi". Mtaalamu alitufundisha nikae chini nami nizungushe. Baadaye nikaanza kulizuia tairi kidogo: "moja... mbili..." na kusubiri. Siku moja akanitazama usoni kabla ya "tatu". Nilikuwa sijatazamwa na mwanangu kwa namna ile. Kumbe gari lile lile nililotaka kulitupa ndilo lililotukutanisha.

Blanketi zito linalosifiwa mitandaoni sikulinunua. Kwa joto la hapa la Januari silioni likifaa.

---

TibaKazi_Dar

Baba wa Kimara umefundisha vizuri kuliko vitini vyetu. Kwenye blanketi, nakuunga mkono. Anayeamua kulitumia, mtoto awe na uwezo wa kulitoa mwenyewe bila msaada, lisipite usoni, na asiachwe nalo peke yake. Kwa mtoto mdogo au mwenye misuli dhaifu halifai kabisa. Bembea ya kitenge kizito kwenye mwembe, mtu mzima akiwepo, inawatuliza wengi na haina gharama.

---

nesi_ilala

Ndugu zangu, naomba dakika moja kabla hamjanunua chochote.

Vile vibetri bapa vya mviringo vinavyong'aa, vya kwenye saa, rimoti ndogo na midoli ya taa. Mtoto akimeza na kikakwama kooni, kinaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hakichomi kwa kuvuja tu, umeme wake wenyewe ndio unaotengeneza kemikali kali pale kilipokwama. Dalili zinafanana na mafua au kukataa chakula, na mtoto asiyeongea hawezi kukwambia. Ukihisi amemeza, usimtapishe, usingoje asubuhi, nenda hospitali apigwe picha ya eksirei. Watoto wetu wengi wanaendelea kutia vitu mdomoni hata wakiwa na miaka minane au kumi, kwa hiyo ile alama ya "miaka 3+" kwenye boksi isikudanganye. Nunua mdoli ambao kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu.

Kifafa pia kinakwenda sana pamoja na mtindio wa ubongo. Midoli yenye taa zinazomweka haraka haraka iepukeni kwa mtoto mwenye historia hiyo mpaka mmeongea na daktari.

Na masikio! Watoto wenye Down (Down syndrome) hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio. Unamnunulia mdoli unaoimba, hajali, unasema haelewi. Kapimeni usikivu kwanza.

---

Mama Salha wa Mbagala

Fundi, swichi ilifanya kazi vizuri baada ya ile sponji, kaweza kwa ngumi. Mtaalamu, kitambaa cheusi nimekata kwenye sare ya zamani ya binti yangu. Feni ndogo ya betri inamfurahisha kuliko muziki, akibonyeza upepo unampiga usoni anacheka kwa sauti. Watoto wa jirani ambao walikuwa hawaingii sasa wanakuja kupigiwa upepo, na yeye ndiye mwenye feni. Ila jana imegoma. Nadhani ni udenda umeingia.

---

Fundi_Gerezani

Ni udenda, ndiyo. Ilete niikaushe, halafu nitaifunika na ile nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula chini ya sponji. Na nyinginezo zote nilizowatengenezea watu humu nitazifunika hivyo hivyo, njooni, hakuna malipo.

Wakati huo huo nijibu waliouliza inbox kuhusu gari la kupanda. Inawezekana. Cole Galloway, alipokuwa Chuo Kikuu cha Delaware, ndiye aliyeufanya ujulikane ufundi huu: anachukua yale magari ya betri ambayo watoto hupanda, anahamisha swichi kutoka kwenye pedali ya mguu hadi kitufe kikubwa katikati ya usukani, anajenga egemeo kwa mabomba ya maji ya plastiki na sponji. Mtoto ambaye hajawahi kwenda popote bila kubebwa, anakwenda. Magari hayo Kariakoo yapo, na ya mitumba yenye betri iliyokufa yanapatikana kwa bei ya kuongea. Betri ni ya volti 6 au 12, hivyo lazima fyuzi iwepo, spidi ipunguzwe, na nyuma nawekea swichi ya dharura ya mzazi. Asipande likiwa kwenye chaji. Uwanja uwe tambarare, na uchochoroni kwenye bodaboda sishauri kabisa.

---

Kinondoni Mkwajuni

Shule moja (siitaji) ilikataa binti yangu asiingie na kiboksi chake cha sauti, eti kinasumbua wenzake. Nimekasirika sana.

---

Mwalimu_Elimu_Maalumu

Una haki ya kukasirika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika mazingira jumuishi na kupata huduma saidizi anazohitaji. Nenda na barua ya mtaalamu wake inayosema kifaa hicho ndicho usemi wake. Wakishindwa, panda kwa ofisa elimu maalumu wa manispaa. Nenda kwa utulivu na maandishi, usiende na maneno matupu.

---

Mjomba_Tandika

Nimesoma uzi wote tangu jana. Nafuta hoja yangu ya kutuliza. Sasa nina wazo. Midoli hii mtoto anaichoka, na wengine hawana hela hata ya wa kwanza. Kwa nini tusiwe na sehemu ya kuazima?

---

TibaKazi_Dar

Mjomba, wazo hilo lina historia. Mwaka 1963 Stockholm, Swidi, wazazi wa watoto wenye ulemavu walianzisha Lekotek, mahali pa kuazima midoli kama watu wanavyoazima vitabu, huku mzazi akionyeshwa namna ya kucheza na mwanawe. Likaenea nchi nyingi. WHO na UNICEF walisema mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi angalau kimoja, na karibu bilioni moja hawapati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Kwa hali hiyo, mdoli kulala kabatini Mikocheni wakati mtoto wa Chamazi anauhitaji ni jambo la kusikitisha.

Ila kuwe na utaratibu: kila mdoli unaorudi unaoshwa kwa sabuni na kufutwa, wa manyoya tusiupokee kabisa. Betri zichomolewe. Na anayeazima aelekezwe, asipewe tu.

---

Gongo_la_Mboto Mwisho

Mimi nina chumba cha mbele kilichokuwa duka, kipo wazi, nakitoa Jumamosi kwa kuanzia. Mlango mpana, kiti cha magurudumu kinapita. Fundi, nina midoli ya mitumba ya Karume kama gunia moja, nianze kuchagua ipi?

---

Fundi_Gerezani

Mkuu, ubarikiwe sana, hicho chumba tunakihitaji.

Chagua yenye sehemu kubwa ya betri ndefu za kawaida na kifuniko cha skrubu. Inayofanya kitu kimoja kinachoonekana: kutembea, kupepea, kuzunguka, kupuliza mapovu. Inayofanya mambo sita kwa mpigo iache, mtoto anayeanza haelewi kipi ni chake. Sauti isizidi ya mtu anayeongea. Ya vibetri bapa weka pembeni zote. Ya kuchomeka ukutani usilete. Redio ndogo na feni za betri hesabu kama midoli, wakubwa wa miaka 12 na kuendelea wanazipenda na haziwaaibishi.

Iliyokufa usiitupe, mota zake nitazihitaji. Jumamosi nitakuja na vitufe na waya, mtaalamu akipata nafasi aje na kipimo cha viti. Wazazi njooni na watoto wenyewe, swichi naipima kwenye mwili wa mtoto, siwezi kuipima kwa maelezo ya simu.